Nywele Nyeupe Kwenye Mikebe ya Mama

Sisi tuliozaliwa Kiplombe kabla stima haijafika, tulikua tukilala nyumba moja na kila kitu chenye uhai. Mbuzi wadogo upande wa mlango, kuku anayetamia chini ya kitanda, mahindi ya mbegu yakining'inia juu ya moto. Na kuanzia mwezi wa pili, miche ya Mama ilikaa pale dirishani kama wageni wa heshima. Mwambie kijana wa siku hizi kwamba uliwahi kulala chumba kimoja na kabichi, atakuangalia kama mtu wa kupelekwa hospitali. Lakini nyinyi wa rika langu mnajua. Mnaijua ile harufu ya asubuhi, udongo uliolowa ukichanganyika na moshi na maziwa ya kibuyu, kabla hata hujafungua macho.

Tulikuwa tunasukuma tairi mpaka mtoni na kurudi bila sababu yoyote. Tulifunga mpira wa nailoni na kamba ya katani, na anayeupiga ukaingia kwenye ua wa kayapa, miiba ilikuwa yake. Ijumaa tulibeba mavi ya ng'ombe na mkebe wa maji kwenda shule kupaka sakafu ya darasa, na hakuna mzazi aliyekuja kulalamika. Tulikula viazi vya kuchomwa kwa majivu, mboga ya sagaa iliyolazwa na maziwa, na ugali uliobaki jana tukiukata kama mkate. Baridi ya asubuhi Kiplombe ilikuwa inauma vidole mpaka huwezi kushika kalamu, na Mwalimu Jackson, ambaye namtaja kwa sababu sijamsahau, alikuwa anakuchapa hivyo vidole kwa sababu haviandiki. Aliniita kichwa ya jiwe. Nilitoka shule darasa la tano, kwa hiyo kama haya maandishi yana makosa, mtafuteni yeye.

Lakini kitu ninachotaka kuwaeleza ni ile mikebe.

Baba alikufa nikiwa darasa la pili. Akabaki Mama, mimi, na kipande cha ardhi kinachoanzia mtoni na kupanda mpaka ua wa kayapa. Upande wa juu wa huo ua alikaa Joseah, mdogo wa baba. Nitamtaja mara nyingi, mtanisamehe. Matanga hayajapoa, Joseah alisimama mbele ya watu wa ukoo na kusema maneno haya, nayakumbuka kama jina langu: "Ardhi sio ya kuangaliwa. Mvua ya kwanza ikipata hicho kipande kiko uchi, mimi nalima." Watu wakaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyemuuliza mjane atalima na nini, maana plau ilikuwa moja, na ilikuwa ya Joseah.

Mahindi yalitaka plau na mbolea. Kabichi inataka mkono na mgongo tu, hivyo Mama akachagua kabichi. Mwaka wa kwanza alisia mbegu nje, kando ya jikoni, kama watu wote. Kuku wa Emily, mke wa Joseah, walikuja kila Mama akitoka kwenda kuteka maji. Walijua saa kuliko redio. Walichakura kitalu chote na Emily akasema, "Kuku haina adabu, Mama Jerono, utafanya nini." Jerono ni mimi. Mwaka huo tulisalimika kwa sababu Mama alipanda maboga haraka haraka ili ardhi isionekane uchi. Joseah aliangalia maboga akacheka, akasema mwaka ujao hatakubali ujanja wa maboga.

Kwa hiyo mwaka uliofuata Mama alihamisha kitalu ndani ya nyumba. Alienda mjini kwa Mzee Abdi, Msomali aliyekuwa na duka la magunia na vyombo, ambaye alikuwa anamwekea mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia. Akarudi na mikebe kumi na miwili na pakiti moja ya mbegu. Pakiti moja. Akasia nusu, nusu nyingine akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka juu, karibu na moshi, pale panya hafiki.

Siku ya tano mbegu ziliamka. Nyinyi mmewahi kuona kabichi ikiamka? Inatoka imejikunja kama mtoto anayetafuta shingo ya sweta, halafu inafungua majani mawili ya umbo la moyo. Nilikuwa nazihesabu kabla sijanawa uso. Mama alikuwa ananiambia, "Usizihesabu, zitaona aibu," lakini yeye mwenyewe nilimwona midomo ikicheza.

Siku ya tisa nikakuta tatu zimelala. Hazikuliwa. Hazikukatwa. Zilikuwa zimelala tu ubavu, na pale shina linapogusa udongo palikuwa pembamba kama uzi, na rangi ya chai. Kesho yake, nane. Halafu nikaona juu ya udongo kitu ambacho sikuwahi kuona kwenye shamba: nywele. Nywele nyeupe, laini, kama mvi za mtu mzee aliyelala kifudifudi chini ya udongo. Ukipuliza zinalala, ukiacha zinasimama.

Mama alikaa kwenye kigoda akaangalia ile mikebe muda mrefu. Halafu akasema, "Mtu anaingia humu."

Nyinyi ni watu wa zamani, mnajua neno kama hilo lina uzito gani. Mama hakutaja jina, lakini macho yake yalikwenda upande wa ua wa kayapa. Mimi nikamaliza sentensi kichwani mwangu: Emily. Kuku wameshindwa kuingia, sasa anaingia mwenyewe. Nikaanza kumchukia Emily kwa bidii, na hiyo chuki sijui kama iliisha.

Lakini nilikuwa mtoto wa kuuliza maswali. Mwalimu Jackson aliichukulia kama ujeuri, Mama aliichukulia kama ugonjwa. Nilitaka kujua zile nywele ni kitu gani. Nikakumbuka nimewahi kuziona: kwenye ugali uliosahaulika chunguni, na kwenye kiatu cha Baba alipokufa kikabaki chini ya kitanda bila kuvaliwa. Ugali ni chakula. Kiatu ni ngozi. Sasa udongo una nini?

Nikafanya jambo ambalo ningechapwa nalo. Nilichukua mkebe mmoja ambao haujaota nywele, nikauficha chini ya kitanda changu, nyuma ya kuku. Nikanyunyiza maji kama Mama alivyonyunyiza mingine. Siku nne. Mikebe ya dirishani ikaendelea kuota mvi na miche ikaendelea kulala. Mkebe wa chini ya kitanda haukuota hata unywele mmoja. Miche yake ilikuwa mirefu na myeupe kama shingo za korongo, ikitafuta jua mahali hakuna jua, lakini ilikuwa hai. Udongo ni ule ule. Mbegu ni zile zile. Maji ni yale yale.

Jumamosi Mama akanituma kwa Mzee Abdi kuchukua mikebe mingine. Nilimkuta akikung'uta magunia mbele ya duka, kofia yake imejaa vumbi. Nikamuuliza bila salamu ndefu, "Mzee, kwa nini kitu kinaota nywele nyeupe?"

Hakucheka. Mzee Abdi alikuwa anajibu mtoto kama anavyojibu mteja. "Hapa kwangu gunia inaota nywele kwa njia mbili," akasema. "Moja, imelowa na imekosa upepo. Hiyo ndiyo unaona natoa nje. Ya pili ni ile mtu amemwaga kitu ya kuliwa. Uji, chai ya maziwa, chochote. Ukungu inataka kula kama wewe. Mama yako anaweka nini kwa udongo?"

"Maji tu."

"Basi kuna mtu analisha udongo wenu," akasema, akaendelea kukung'uta.

Nilitembea kutoka mjini mpaka Kiplombe na hilo neno. Nani analisha udongo wetu? Jumatatu sikwenda shule. Nilitoka nyumbani na daftari, nikazunguka kwa mto, na Mama alipoenda kuchimba shamba nikaingia kwa mlango wa nyuma na kulala chini ya kitanda na kuku. Kuku alinidonoa, nikavumilia. Nilikuwa nimejiandaa kumwona Emily. Nilikuwa hata nimechagua kuni ya kumtupia miguuni.

Jua likiwa limeanza kulegea, mlango ukafunguka polepole. Nikaona miguu. Haikuwa ya Emily. Ilikuwa miguu mikavu, yenye bangili ya chuma, na fimbo ikigonga mbele yake. Ilikuwa Kogo, mama yake Baba na Joseah, bibi yangu.

Kogo macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na wingu. Alifika dirishani kwa kupapasa. Alikuwa na kibuyu kidogo mkononi na fungu la majani mabichi. Akachovya majani kwenye kibuyu, akayanyunyiza juu ya mikebe, tone tone, mmoja baada ya mwingine, kama anavyotunyunyizia sisi mtu akienda safari ndefu. Maziwa. Alikuwa anaongea na miche kwa sauti ya chini. "Mkue. Mpate miguu. Msiogope ng'ombe za Joseah. Nyinyi ni watoto wa hapa." Halafu akainama karibu sana, akagusa zile nywele nyeupe na kidole, akatabasamu. Akatoka.

Nilibaki chini ya kitanda mpaka Mama aliporudi. Nilimwambia yote akiwa anapika. Mwiko ukasimama katikati ya ugali.

"Umemwambia mtu?"

"Hapana."

"Usiseme. Katika ukoo huu wote, huyo ndiye peke yake anayeniita mtu wa hapa."

Nikaelewa kwa nini alikuwa na hofu. Akimkataza Kogo, ni kama amekataa baraka yake. Asipomkataza, miche yote itakufa, mvua itakuja, na plau ya Joseah itapita. Kwa siku mbili Mama aliizunguka ile mikebe. Alikoroga chai bila sukari akaniambia ninywe, nikanywa.

Siku ya tatu akachemsha chai nzuri, akamimina kwenye kikombe cha bati, akanibebesha, tukaenda kwa Kogo. Alikuwa ameketi juani mbele ya nyumba yake, anasafisha kibuyu kwa kijinga cha moto cha ule mti wetu wa senetwet, ule ambao mkaa wake hufanya maziwa yasiharibike. Mama akapiga magoti.

"Kogo, wale watoto walio dirishani kwangu bado wako ndani. Hawajaona barabara. Nimekuja kukuomba baraka yao uiweke. Uwape siku ya kutoka, shambani, watu wote wakiona."

Kogo akanywa chai kwanza. Alikuwa hana haraka na mtu. "Umechoka na maziwa yangu," akasema.

Mama akashika ukingo wa shuka yake.

"Inawaua?"

"Inaota nywele, Kogo. Wanaoza shingo."

Mabega ya Kogo yakaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. "Na mimi nikaona ni mvi," akasema. "Nikasema, tazama, baraka imeshika, bado watoto na tayari wana mvi. Nikaongeza." Akafuta machozi na kiganja. "Chukua huu mkaa basi, msichana. Kama unalinda maziwa, labda utalinda na kabichi yako."

Hivyo ndivyo Mama alivyoanza upya na ile nusu pakiti. Na mimi nilijifunza hiyo kazi kwa namna ambayo hakuna mwalimu aliyenifundisha kitu kingine. Udongo wa mwanzo tuliutupa wote. Mpya tuliuchukua chini ya miti, tukachanganya na mchanga wa mto, tukauweka juu ya mabati na kuwasha moto chini mpaka ukatoa mvuke, kisha tukauacha upoe. Mikebe tuliisugua na majivu na maji moto, tukatoboa mashimo chini kwa msumari, sita kwa kila mmoja, maana ile ya kwanza Mama alitoboa moja tu na maji yakabaki yamekaa kama dimbwi. Mbegu tukazisia mbali mbali, hata kama roho inauma kuacha nafasi, kwa sababu zikibanana hewa haipiti. Juu yake tukapepeta mkaa wa Kogo uliosagwa, safu nyembamba kama poda ya uso.

Na maji hatukuyamwaga tena juu. Mama aliweka karai yenye maji kidogo, tukasimamisha mikebe ndani, udongo unavuta kutoka chini mpaka juu palowe, halafu mikebe unaitoa. Asubuhi tu. Jioni hakuna maji, hata kama inaonekana ina kiu. "Ukiweka maji jioni, inalala na nguo mbichi," alikuwa ananiambia. Jua likitoka, kazi yangu ilikuwa kubeba mikebe yote nje na kuipanga juu ya paa la ghala, pale kuku wa Emily hawafiki, na kuirudisha ndani baridi ikianza. Mara moja udongo ukatoa doa moja jeupe, nikaita Mama kwa kelele. Alichukua kijiti, akatoa lile doa na udongo wake, akanyunyiza mkaa, akanipa huo mkebe niubebe kando na wenzake kwa siku tatu. Ulipona.

Na kuna kitu ambacho wakati huo sikukijua. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na kati ya ukuta na nyasi za paa palikuwa na nafasi ya mkono mzima. Upepo uliingia hapo mchana na jioni. Tulikuwa tunaulaani. Tuliiziba nafasi hiyo na matambara, Mama akayatoa, nikayarudisha, akayatoa tena. Kumbe yeye alikuwa ameona miche ya upande ule wa upepo ndiyo mifupi na minene.

Mvua ikaja. Miche iliyofika ilikuwa safu nane. Mama alikuwa amechimba kipande chote kwa jembe, kutoka mtoni mpaka kayapa, lakini kabichi zilitosha safu nane tu za upande wa chini. Ile nusu pakiti ya kwanza ingefunika juu. Tukiwa bado tunapanda, Joseah akashuka na ng'ombe wawili, tayari wamefungwa nira, na watu wawili wa ukoo nyuma yake kama mashahidi.

"Mama Jerono," akasema, "hii ni shamba ama ni mapambo?"

"Ni kabichi, Baba Gideon." Gideon ni mtoto wake wa kwanza.

"Naona. Ya kujaza sufuria moja. Huku juu nani analima?"

"Imechimbwa."

"Imechimbwa iko uchi. Nilisema nini?" Akageukia wale wawili. "Nilisema nini?"

Hapo ndipo Kogo alipofika. Alikuwa amevaa shuka yake nzuri na amebeba kibuyu kikubwa kama mtungi, kimejaa maziwa. Wiki zote hizo alizoacha kunyunyiza mikebe, alikuwa akiyaweka. Akaniita, nikashika ncha ya fimbo yake kumwongoza. Akaanza safu ya kwanza, akichovya majani na kunyunyiza. "Mmetoka," alikuwa anawaambia. "Mmeona barabara." Tukapita safu ya pili, ya tatu, ya nane. Joseah amesimama na kiboko mkononi.

Tulipomaliza ya nane Kogo akasimama. Akauliza, "Jerono, tumefika mwisho wa kabichi?"

Nilimwangalia Mama. Mama aliangalia chini. Nikasema, "Bado, Kogo."

Nikavuta fimbo. Tukapanda. Alinyunyiza udongo mtupu mpaka juu, safu ambazo hazikuwepo, akizitakia maisha marefu, mpaka mkono wangu ukagusa miiba ya kayapa na kibuyu kikawa chepesi. "Hapa ndio mwisho," nikasema. Akarudi akashika bega la Joseah na mkono wenye maziwa. "Peleka ng'ombe nyumbani," akamwambia. "Wamekosa kazi leo."

Hakuna mtu wa kwetu angepitisha plau juu ya ardhi iliyonyunyizwa maziwa na mama yake, mama akiwa hai. Joseah aligeuza ng'ombe. Wiki moja baadaye Mama alifunika upande wa juu na viazi.

Tulikula kile kipande miaka kumi na moja. Kabichi zile zilikuwa kubwa mpaka Mzee Abdi akaja mwenyewe kuziangalia, na akamuuliza Mama alikuwa analisha udongo nini. Mama akamwambia, "Hakuna." Wakacheka wote wawili.

Halafu Kogo akafa, na wiki ya tatu baada ya mazishi Joseah akaita kikao. Nilikuwa msichana mkubwa, nimekaa nyuma na mama zetu wengine. Akasimama akasema, "Mama yetu aliuliza kama kabichi imefika mwisho. Huyu msichana akasema bado. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, nilisikia. Baraka ya huku juu ilikuwa ya uongo." Miaka kumi na moja alikuwa ameliweka tumboni. Wale mashahidi wawili wakasema ni kweli, na ilikuwa kweli. Hawakusema aliyefanya nidanganye. Ukoo ukakata shauri: safu nane za mjane, kutoka hapo kwenda juu ni ya Joseah. Kwa hiyo namtaja yeye, nawataja wale wawili, Kipkoech na Zakayo, na ikibidi nijitaje mimi, najitaja. Mama aliniambia tukirudi nyumbani, "Umetulisha miaka kumi na moja na neno moja. Wacha kulia."

Mama naye ameenda. Mimi niko hapa hapa, upana wa safu nane. Joseah alimwachia Gideon, na Gideon ameng'oa kayapa akajenga fleti, ghorofa nne, upande ambao jua linatoka. Jua likinifikia ni saa tano. Naotesha miche ya kuuza, na imenibidi kujifunza tena kila kitu, nikibeba trei kutoka kona hii kwenda ile, nikifuata mwanga kama paka. Nyumba yangu sasa ni ya mawe, ina dirisha la chuma linalofunga kabisa, na mwaka wa kwanza nilipoteza miche mingi kuliko Mama. Nilikuwa nimejenga nyumba isiyopitisha upepo na nikajipongeza.

Juzi alishuka msichana wa ghorofa ya tatu, Sharon, anayefanya kazi ya kompyuta mjini. Amebeba trei ya pilipili hoho, udongo wote umevaa pamba.

"Aunti, nimeona wewe uko na miche. Yangu imeingiwa na nini?"

"Umeifanyia nini?"

"Video ilisema nifunike na nailoni ishike unyevu."

"Na ilisema ufunue lini?"

Akafikiria. "Hapo bando iliisha."

"Na hii harufu ni ya nini?"

"Maji ya kuosha mchele. Walisema ni mbolea." Akashika simu yake tayari. "Ni dawa gani ninunue?"

Nilimwonyesha mashimo ya msumari, karai, mkaa, kijiti. Nikamwambia asilishe udongo, miche midogo haijaomba chakula. Nikamwambia dawa nyingine anayo tayari chumbani, ni dirisha. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu ambaye hajui dunia imefika wapi.

"Lakini Aunti, baridi."

Ndiyo, baridi. Sisi tulilala nayo, tukaikemea, tukaiziba na matambara, na Mama akaifungulia tena. Tuliamka vidole vimekufa na nguo zinanuka moshi, tukakuta miche imesimama. Watoto wa sasa wamekua ndani ya vyumba vyenye joto, kuta zao zinatoka jasho, wanapaka rangi juu ya madoa meusi kila Disemba na kukohoa mwaka mzima. Sisemi tulikuwa bora. Tulizika wengi. Nasema tu kwamba kwetu hewa ilikuwa inaingia na kutoka, na watu pia, mpaka wale wa kuharibu kwa mapenzi.

Jana asubuhi nilipotoa trei zangu nilisimama nikaangalia ule ukuta wa Gideon. Upande wangu una madirisha ishirini na manne, yote yamejaa mvuke wa chai. Moja tu, la ghorofa ya tatu, lilikuwa wazi, na pazia linapepea nje.